Mbinzo Mbele ya Kamera

Mimi ndiye ninayefokea watu wote, basi leo munifokee mimi.

Damu yangu ilikuwa inapungua na hakuna aliyejua inavujia wapi. Muganga mugeni, ambaye angerudi kwao kesho yake, alisema ataniingizia mupira wenye kamera na puto. Puto linajazwa upepo, linashika utumbo mwembamba na kuukunja kama mukono wa shati, mpaka aone penye kidonda.

"Koko," akaniambia, maana mimi ni bibi muzee, "kuanzia leo jioni usikule kitu."

Asubuhi mama mumoja wa Yanonge, kitanda cha pili, alikiri amekunywa chai. Wakamurudisha nyumbani. Nikamwambia, "Mutu muzima unashindwa na kikombe! Haya ndiyo nini?"

"Na wewe, koko?" muganga akauliza.

"Sijakula." Niliapa kabisa. Kwetu bila lituma, ile ndizi ya kutwanga, mutu hajakula. Mbinzo nilizochota kwenye sufuria ya binti yangu alfajiri zilikuwa za kuonja chumvi tu.

Nilipoamka kwenye dawa ya usingizi, muganga alikuwa ananingoja. Alisema kamera iliishia tumboni, haikufika kwenye utumbo. Chakula kingepanda, kingeingia mapafuni, ningekufa. Akanionyesha picha: vichwa vyeusi, vingi.

"Hii iko minyoo gani?"

Binti yangu akainama kutazama. "Docteur, si minyoo. Iko viwavi vya kula, mbinzo nilizopika jana. Mama!"

Mulangoni alisimama yule mama wa Yanonge, amerudi kuchukua kitenge chake.

"Koko," akasema, "ya mimi ilikuwa chai tu."