Sufuria ya Bibi wa Mwali

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mwalimu Ruangwa, nimepangiwa huko na serikali nikitokea Bukoba. Kwa kuwa Kiingereza changu hakikuwa kinakwama sana, nikaitwa kutafsiri semina Nachingwea. Wageni wawili kutoka Ulaya walikuja kutueleza jinsi nchi zao, zote majirani, zilivyokubaliana: chombo kikichoka kisitupwe, kirudi kiwandani kiyeyushwe kiwe kipya, tena anayekibuni aufikirie mwisho wake tangu siku ya kwanza. Nilitafsiri kwa mbwembwe. Wakisema sentensi moja, mimi natoa tatu.

Jirani yangu, mama wa Kimwera aliyenifuata kwa ajili ya chakula cha mchana, tusidanganyane, akanyoosha mkono. "Waulize, mwalimu. Nikipeleka changu, nitajuaje kama nilichorudishiwa ni kile changu?"

Mgeni mmoja akajibu kwamba haijulikani, na kwao hakuna anayeuliza.

"Hakuna anayeuliza!" Jirani aliyarudia maneno hayo njia nzima hadi Ruangwa, kana kwamba mimi ndiye niliyeyatunga.

Alikuwa na sababu. Sufuria kubwa ya marehemu mama yake ilikuwa imepasuka chini. Humo ndimo ulimopikwa wali wa kila binti wa ukoo wao alipotoka unyago, yeye mwenyewe akiwemo, na sasa binti yake alikuwa ndani, anatoka wiki inayofuata. Kuazima sufuria ya watu hakutaka hata kusikia.

Sisi wanawake wa mtaa tukaona semina isiende bure. Ruangwa tulikuwa na masufuria mabovu chini ya kila kitanda. Nachingwea walikuwa na fundi wa kuyeyusha alumini na kusubu sufuria mpya, mzee kutoka Msumbiji mwenye maneno mengi kuliko mkaa. Tukafunga mzigo, tukapanda gari. Jirani aliipakata ya kwake. Alitaka iyeyushwe peke yake, isichanganywe na za watu ambao hajui walipikia nini.

Fundi akaipima kwa mkono, akacheka. "Mama, hii imeliwa na moto mpaka imekonda. Nikiiyeyusha peke yake nakupa kikaango. Ukitaka sufuria ya kulisha watu, lazima iingie na wenzake."

Jirani akaichukua, akaipakata tena. Za kwetu zilikuwa zimeshaanza kulegea motoni. Niliumia kumtazama. Mwishowe akampa fundi aikunje kwa nyundo, kisha akaipokea na kuiingiza motoni mwenyewe.

"Haya, mama," akasema. "Nenda na wenzako. Mjukuu wako ana wageni."

Vigelegele vilivyopigwa pale viliwatoa watu sokoni, na jioni kila mmoja wetu akarudi Ruangwa na sufuria mpya, ya jirani kubwa kuliko zote.

Siku ya mwali tulikula mpaka aibu. Mtoto alitoka anang'aa kwa mafuta, wali wake umetoka kwenye sufuria kubwa mpya, na mimi Mhaya nikacheza ngoma nisiyoijua huku watu wananicheka waziwazi. Sijawahi kufurahi vile katika utumishi wangu wote.

Kilichotumaliza ni hesabu mpya ya jirani. Kama mama yake aliingia na wenzake, basi alitoka na wenzake, na sasa yumo katika majiko yetu yote. Jirani anaingia kwako bila hodi, anafunua mfuniko: "Shikamoo, mama. Leo wamekupikia nini?" Ukiwa umeunguza maharage, unasutwa mbele ya marehemu.

Uhamisho wangu wa kurudi nyumbani, kule ziwani, ulipotoka, jirani alikuja kunisaidia kufunga mizigo. Akaishika sufuria yangu kwa muda mrefu, nikajua ataniomba niiache. Akaifuta kwa kanga yake, akaufunga mfuniko kwa kamba, akanikabidhi.

"Mama hajawahi kutoka mkoa huu," akasema. "Mwonyeshe ziwa."