Vumbi la Karakana na Udi wa Mke Wangu

Kiangazi kimoja cha miaka ya themanini tulikuwa tukiishi Gaithersburg, ghorofa ya pili, nyuma ya karakana ya kupaka vyuma rangi. Bomba lake la moshi lilikuwa usawa wa madirisha yetu. Jirani yangu, mama kutoka Zaire, alikuwa na binti mwenye pumu. Joto lote lile hakufungua dirisha; mtoto alilala mbele ya feni kama samaki anayekaushwa.

Tulipolalamika, ofisi ya kaunti ilitaka ushahidi. Mwalimu mmoja wa chuo cha College Park akatugawia vipande vya kioo vilivyopakwa vaselini: viweke kibarazani wiki nzima, kisha hesabu madoa ya vumbi yaliyonasa.

Nilihesabu mara mbili. Mia mbili na kumi na mawili. Jirani, ukuta kwa ukuta nami, alipata sitini. Nikatembea kifua mbele. Mwalimu akakiinamia kioo changu, akanusa.

"Bwana, moshi wa kwenu unanukia vizuri."

Mke wangu ni Mzanzibari. Kila jioni, ili kuishinda harufu ya rangi, alifukiza udi, na chetezo alikiweka palepale kibarazani, kando ya kioo.

"Papa, umeharibu dosie yetu, faili lote," jirani akasema. "Wakiona hii, watasema moshi ni wenu."

Ikabidi tuanze upya. Nikamwomba mke wangu siku saba bila udi.

"Tatu."

"Saba. Ofisi haipunguzi."

"Basi siku saba unaosha vyombo. Na masufuria."

"Masufuria mawili."

"Yote, bwana wee, au nawasha sasa hivi."

Nikaosha yote.

Safari hii nilipata hamsini na nane. Nikarudia: hamsini na nane. Jirani, hamsini na tisa. Upande wa pili wa jengo, mbali na bomba, hakuna aliyefika kumi. Tukatia sahihi wote. Afisa wa kaunti alipokuja, alikohoa mara mbili kabla sijamkaribisha ndani.

Majani hayajaanza kupukutika, karakana ikaamriwa kufunga kichujio kwenye bomba, ikafunga. Jumamosi moja tukasikia dirisha la jirani likikwaruza, likagoma, likafunguka. Binti akatoa kichwa nje, akavuta pumzi ndefu, akatupungia mkono.

"Papa!" mama yake akaita kutoka ndani. "Kumbe redio yako inapiga kelele hivi? Punguza!"

Nikapunguza nusu. Akadai robo nyingine.