Farasi wa Papa Basile na Kuku Wake

Bavon alizaliwa Wagenia, kwenye maporomoko ya mto, katika ukoo wa wavuvi ambao mwanamume asiyekwenda mtegoni huhesabiwa mgeni. Alikwenda mtegoni mpaka nguzo moja ya mtego wa samaki ilipochomoka majini ikamvunja mkono. Mkono ulipopona, akawaachia kaka zake maji yao na kutafuta kazi nchi kavu. Akaipata kwa Papa Basile, mwenye malori, kulinda geti la kiwanja chake kwenye barabara ya Banalia.

Geti alililinda vizuri mpaka siku Papa Basile alipojiletea farasi kwa boti kutoka Kinshasa. Wafanyakazi wote walikimbia. Bavon hakukimbia, wala si kwa ushujaa: alikuwa amepewa kamba ashike, na hakujua kama inaruhusiwa kuiachia. Tangu saa ile akawa mtu wa farasi, na geti likapewa mwingine. Ilikuwa Jumapili, basi mnyama akaitwa hivyo hivyo kwa Kifaransa, Dimanche, yakaisha.

Kazi ya Dimanche ilikuwa kubeba mabwana harusi. Kazi yake nyingine alipewa na midomo ya watu. Malori ya Papa Basile yalipoongezeka, mji mzima ukasema bahati ya mzee inakaa ndani ya farasi yule. Papa Basile alicheka kila aliposikia maneno hayo. Lakini figo zilipomharibikia, akahamia Kinshasa kwenye mashine za kusafisha damu, simu yake ya asubuhi ilianza kumuuliza Bavon farasi ameamkaje kabla ya kuwauliza watoto wake kama wamekula.

Balaa lilitokea mtaa wa Kabondo, kwenye harusi. Pikipiki za msafara zilipiga honi zote kwa pamoja, Dimanche akaruka pembeni, na mguu wake wa mbele ukaingia katika mtaro usio na kifuniko. Bwana harusi aliangukia matope na suti yake nyeupe, na watu wakamcheka. Bavon hakucheka. Alikuwa amesikia mfupa ukilia.

Madame Nadège, daktari wa wanyama, alikuja, akapapasa chini ya goti, akasimama. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Mufupa imekatika mara mbili," alisema. "Farasi haiko sawa na mutu, Bavon. Haiwezi kulala kitandani ikangoja. Tumupige sindano, apumuzike. Lakini mwenyewe akubali kwanza. Bila yeye, mi sitamugusa."

Bavon alielewa. Aliyaangalia macho ya Dimanche na akajua kwamba mama huyu anasema kweli. Akachukua simu kumweleza Papa Basile. Upande wa pili akasikia mashine ikilia taratibu na sauti ya mgonjwa ikiuliza, "Atapona? Bavon, niambie atapona." Neno lilikuwa moja tu, hapana, na Bavon akalikosa. Ulimi uliponza kichwa. Badala ya hapana akasema, "Papa, kwetu Wagenia kuko Mama Clothilde. Yeye njo alitengeneza mukono yangu."

Papa Basile akashika pale pale, kama mtu anayezama anavyoshika jani. Mama Clothilde aitwe.

Mama Clothilde alikuwa fundi wa mifupa, mzee mwenye vidole vinene na subira ndogo. Hakuwahi kumtibu farasi na alisema hivyo wazi, lakini sheria yake haikubadilika kwa sababu mgonjwa ana miguu minne. Aliagiza kuku. Akamvunja kuku mguu pale pale alipovunjika mgonjwa, akamfunga vijiti na dawa ile ile ya mgonjwa. Kuku akitembea, mgonjwa naye ni wa kufunguliwa. Kuku akifa, fundi anaondoa mikono, na hakuna wa kumlaumu. Wagenia hakuna mtoto asiyeijua sheria hiyo.

Papa Basile naye aliikubali kwa simu. "Mupaka ile kuku itembee, mutu asimuguse farasi yangu. Na Nadège asiingie tena kwangu."

Likabaki swali la kumsimamisha Dimanche, maana angelala chini angejivunja zaidi. Hapo wakaja kaka zake Bavon. Watu wanaosimika nguzo katikati ya maporomoko na kuzifunga kwa mitimba, zile kamba za msituni, hata mto usiziondoe hawashindwi na farasi. Walisimika magogo ndani ya banda, wakayafunga kwa kamba hizo hizo, wakapitisha turubai chini ya tumbo lake, wakamninginiza. Walijisifu sana. Kaka mkubwa, Faustin, alitikisa gogo moja, halikucheza. "Hapa haitoki," alisema.

Kweli hakutoka. Siku zikaenda, na Dimanche akabaki mle, turubai likimchubua mbavu. Mguu wa pili wa mbele, uliobeba uzito wote, ukaanza kuvimba kwenye kwato. Alikataa majani. Alilamba mkono wa Bavon kwa chumvi tu, kisha hata chumvi akaiacha. Mke wake Bavon, Micheline, alikuja na maji ya moto kumwosha vidonda, akatoka nje akilia, akamwambia mumewe, "Mwambie mzee kweli." Bavon alijibu kwamba atamwambia kesho. Alikuwa na kesho nyingi, yule bwana.

Na kila asubuhi simu ilikuwa ile ile.

"Kuku iko namna gani?"

"Iko nakula, papa."

"Bon. Alors iko muzuri."

Hapo ndipo Bavon alipoanza kumwombea kuku afe. Ni aibu kuyasema, lakini alimwombea mpaka kanisani, wakati wenzake wakiombea shule za watoto. Kuku afe tu, Mama Clothilde aondoe mikono, madame Nadège aingie na sindano yake, na yeye asiwe ametamka neno lolote. Kuku hakufa. Alinenepa. Alipofunguliwa vijiti, alichechemea hatua chache, akasimama, kisha akatembea uwanja mzima akidonoa mchwa.

Mama Clothilde akamfungua na Dimanche. Chini ya dawa kulikuwa na usaha. Farasi akajaribu kukanyaga, mguu ukapinda pasipo na kiungo, akatundikwa na turubai akitetemeka mwili mzima. Mama Clothilde aligeuza uso.

"Na kuku?" Papa Basile aliuliza kwa simu.

Bavon hakuweza kudanganya, maana dereva mmoja alikuwa ameshapiga simu Kinshasa. "Iko natembea, papa."

Sauti ya mzee ilijaa furaha. "Donc na yeye atatembea! Mungojee. Hata mwaka, mungojee. Mutu asimuguse."

Hata mwaka! Bavon aliketi kwenye debe bandani. Alikuwa ametafuta mlango, na mlango wenyewe sasa ulikuwa umefungwa kwa kufuli la kuku mzima. Dimanche aliweka pua begani mwake na kuhema. Pumzi yake ilinuka kuoza.

Akainuka, akamshika kuku, akamkata shingo nyuma ya banda mchana kweupe.

Mama Clothilde alipoletewa yule kuku, alitazama shingo, akamtazama Bavon. Alikuwa na haki ya kumtukana, maana alichezewa kazi ya mababu zake. Badala yake aliomba simu.

"Papa Basile, kuku imekufa," alisema. "Mi natoa mikono." Akamrudishia Bavon simu, akafunga kitenge chake, akaondoka bila kuaga.

Sheria aliikubali mwenyewe, basi Papa Basile akaruhusu sindano, na madame Nadège akaja jioni ile ile. Faustin na kaka wengine waliikata mitimba, wakamlaza Dimanche polepole, na Bavon akakaa chini, kichwa cha farasi mapajani mwake, akimwambia maneno ya kijinga ya kumtuliza mpaka sindano ilipofanya kazi. Alilia bila kujificha.

Papa Basile alipiga simu kabla hawajamaliza kuchimba kaburi. Naye alikuwa akilia.

"Bavon. Siku ile ya kwanza, Nadège alisema tumuue. Watoto yangu walisema tumuue. Weye peke yako njo ulitaka aishi. Sitasahau ile."

Bavon alifungua mdomo. Ile ndiyo nafasi ya kusema kweli, na alijua kwamba nyingine haitakuja.

"Nikipona nitanunua ingine," mzee aliendelea. "Na weye njo utaichunga. Usiende kutafuta kazi fasi ingine, unasikia?"

Katika maisha yake yote Bavon hajawahi kutukanwa tusi lililomwuma kama shukrani ile.

"Ndiyo, papa," alisema.