Jani Ukutani kwa Fundi Cherehani

Mama mmoja fundi cherehani wa Majengo, pale Moshi, huongea huku amebana pini midomoni, na bado mtaa mzima unamsikia. Vidole vyake vimeliwa na chokaa, maana kila wanapomchorea ukuta yeye huupaka upya asubuhi ileile, akiwalaani wahuni wa rangi mpaka aishiwe pumzi. Kastori, seremala wa jirani, humuunga mkono. Scola msusi alithubutu kusema michoro inaupendezesha mtaa, na tangu siku hiyo shikamoo yake haijibiwi. Mama hugeuka akatunga uzi.

Jumatatu alitoka na ndoo, akachovya brashi, akainua mkono, na mkono ukamgandia hewani. Ukuta mzima, toka msingi hadi kwenye bati, ulikuwa umechorwa jani moja la isale, limepigwa fundo kama lile Mchagga analompelekea mwenzake kuomba msamaha. Pini zikamdondoka zote.

“Nikupakie mimi, mama?” aliuliza Kastori.

“Upake nini?” Sauti ilikuwa ndogo, haikufika hata ng'ambo ya barabara. “Isale haikataliwi, Kastori. Hata ikiletwa na mhuni.”

Akainama kuokota pini. Mkono mwingine ukatangulia kumwokotea, mkono wa msusi, na kwenye kucha zake kulikuwa na rangi ya kijani. Mama alizitazama kucha zile, akamtazama Scola usoni, asiamini.

“Shikamoo, mama,” Scola alinong'ona.

Mama alizipokea pini kutoka mkononi mwake.

“Marahaba, mwanangu.”