Asubuhi Waya Ulipochomoka

Jamani, mimi ni mfagiaji tu, lakini miaka tisa ya kufagia maabara ya masikio imenifunza mengi. Najua ndani kabisa ya sikio kuna kitu kilichojikunja kama konokono, kimejaa maji, na vinyweleo vyake vikifa havioti tena. Bi Daktari anavitafiti.

Fundi wake tulimwita Masikio. Kila asubuhi, kabla watu wa kupimwa hawajafika, alijifungia kwenye chumba cha mlango mnene, akavaa hedifoni. Mashine ilimtolea milio ishirini, hafifu kweli, naye akabonyeza kitufe kila aliposikia. Akiisikia yote, mashine ni nzima, kazi ianze. Utafiti mzima ulitegemea sikio lake, na kwa maringo aliyokuwa nayo, weee!

Siku hiyo nikipiga deki nilichomoa waya wa hedifoni, nikasahau kuurudisha. Kuja kuuona sakafuni, Masikio keshaanza. Nikasema basi, leo kibarua kimeota nyasi. Nikachungulia kwenye kioo. Kafumba macho, anabonyeza. Akabonyeza mara ishirini, hakukosa hata mlio mmoja.

Alipotoka nikamwonyesha waya.

"Dada, acha mzaha."

"Mzaha gani? Ulikuwa unasikia nini humo?"

Akajikalia juu ya ndoo yangu. Miaka kumi na mmoja milio ileile, kwa mpangilio uleule. Kidole kilishaikariri, naye maskini aliamini anasikia. Sasa nani ajue kama mashine imeharibika, na tangu lini, na vipimo vya watu wangapi ni bure?

"Tunyamaze tu, dada. Hii ndiyo kazi yangu."

Nilimhurumia, na hasira zikanipanda vilevile. "Kaka, mficha maradhi kilio humfichua. Nenda."

Akaenda mwenyewe. Bi Daktari hakufoka. Alichomeka waya, akavuruga mpangilio wa milio, akamrudisha chumbani apimwe kama watu wengine. Nilisimama nyuma ya Bi Daktari. Kila mlio ulipotoka, taa ndogo iliwaka mezani. Ikawaka, ikazima. Ikawaka tena. Kidole cha Masikio kilikaa juu ya kitufe, hakikushuka. Bi Daktari akaondoa mkono kwenye mashine.

Masikio akamwona kupitia kioo. "Endelea, mama," akasema kwenye kipaza sauti. "Bado sijasikia kitu. Nasubiri."

Nililia palepale, dekio mkononi.