Sfogliatella ya Mjane

Incoronata hakwenda Napoli kutembea. Alikwenda kuchukua sura ya mumewe: picha ndogo ya kauri ya kubandikwa kwenye jiwe la kaburi. Fundi aliifunga kwa kitambaa cheupe, naye akaitia mkobani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Akarudi stesheni kwa miguu, gauni jeusi, soksi nyeusi, macho chini. Treni ya kwao milimani ilikuwa bado. Na pale konani pa stesheni, kwenye duka la vitamu, trei ya keki za tabaka ilikuwa ndiyo kwanza inatoka tanurini.

"Mama, usizitazame hivyo, zitaona haya!" muuzaji akamrushia neno. "Sfogliatella ya moto hii! Ikipoa usinilaumu mimi, ilaumu miguu yako."

"Niko kwenye msiba."

"Pole, mama yangu. Marehemu ndiye aliyekukataza kula?"

Incoronata akaukumbatia mkoba kifuani. Kijijini kwao, nyumba iliyofiwa haioki kitu kitamu mpaka mwaka uishe. Hata Pasaka majirani ndio huleta keki, nawe unashukuru, unaonja kwa ncha ya uma, unaisogeza sahani. Mumewe Sabato alizikwa Januari. Hata Pasaka yenyewe ilikuwa haijafika.

Lakini wa kumkataza hakuwa kijiji. Katika siku zake za mwisho Sabato alikuwa akimshika mkono na kumbembeleza kwa jina lake la nyumbani: "Koro, niletee sfogliatella moja tu. Ya moto." Sukari ilikuwa imeshamla mguu na macho. Naye alimjibu kila mara, "Ukipona." Hakupona.

Mate yakamjaa. Kabla hajamaliza kujikemea, mkono ulikuwa umeshatoa sarafu. Alikula amesimama, ameupa mtaa mgongo. Tabaka zile nyembamba zilivunjika mdomoni kama majani makavu, kisha jibini laini lenye mdalasini na maganda ya chungwa likamchoma ulimi. Aliila yote. Akalamba kidole. Ndipo alipoona kuwa mkoba uko wazi kifuani pake, na akakumbuka aliyemo ndani.

Njia nzima utamu haukumtoka. Alikunywa maji, haukutoka. Alijaribu kusali, akajikuta anapitisha ulimi kwenye meno.

Nyumbani, mama mkwe wake Gerarda alikuwa amekaa karibu na jiko, akingoja.

"Nipe mwanangu," alisema.

Akakifungua kitambaa mapajani, akaibusu ile picha. Kisha akaisogeza mbali kidogo na macho. Vipande vidogo vya zile tabaka kavu za keki vilikuwa vimenasa kwenye mikunjo ya kitambaa, na kimoja kilikaa juu ya masharubu ya Sabato. Bibi akakiokota kwa kidole, akakiweka ulimini.

"Ya stesheni," alisema.

Incoronata akauweka mkoba chini. "Mama, nisamehe. Nilimnyima yeye, nimekwenda kula mimi. Tena naye yumo mkobani!"

"Ilikuwa ya moto?"

"Mama..."

"Nakuuliza wewe. Ilikuwa ya moto?"

"Ya moto."

Gerarda akatikisa kichwa polepole. "Mimi pia aliniomba. Siku ile ulipokwenda kufua. Mpwa wake Assunta alikuwa anashuka Napoli, nikamwita mlangoni nimwagize. Kisha nikamwacha aende zake."

"Kwa nini hukumwagiza?"

"Nilikuogopa."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Incoronata angependa zaidi kutukanwa, au kupigwa kofi, kisha yaishe.

"Mimi, mama? Ulikuwa unaniogopa mimi?"

"Ulikuwa unachungulia hata kikombe changu kama nimetia sukari. Ulikuwa askari humu ndani, binti yangu."

"Daktari alisema ingemuua."

"Najua alivyosema daktari." Bibi akaanza kuifuta picha kwa pindo la aproni, kwanza paji, halafu masharubu. "Basi hakuila, na akafa vilevile. Vua koti ukae, utakula supu."

Incoronata hakuvua. Alibaki amesimama katikati ya chumba chake mwenyewe cha kupikia, asijue akae kiti kipi.