Vidonge Alivyoviacha Dadangu

Dadangu alikuwa fundi wa kushona madera pale Ukunda. Uvimbe aliugundua mwenyewe, siku aliyokuwa akijijaribia nguo. Nikamsindikiza hospitalini Msambweni, na majibu yalipotoka, daktari, mwanamke mpole, alivuta kiti akakaa karibu nasi.

"Saratani hii inalishwa na homoni yako ya kike," alimwambia. "Homoni ikifika kwenye seli, inaziamuru zizidi kuzaana."

"Kwa hivyo uke wangu ndio unaoniua?"

Daktari alimshika mkono. Alieleza kwamba seli za titi hushikana kwa protini zilizo juu yake. Protini hizo zikipotea, seli huachana, hupenya, na huenda kuota kwengine. Tukiizuia homoni kwa vidonge, alisema, huenda zisifike huko.

Dadangu alikatwa titi, akapona, akarudi kazini. Lakini vile vidonge vilimletea joto la ghafla, hedhi ikakatika, na alikatazwa kushika mimba muda wote wa kuvitumia. Alikuwa hajajaliwa mtoto. Mumewe alivumilia. Aliyemsimanga ni mavyaa wake, mama wa mumewe.

Alasiri moja nilimkuta dadangu barazani anatabasamu.

"Nimeviacha, mdogo wangu. Siku zangu zimerudi."

"Da', umemwambia daktari?"

"Nataka kuzaa."

Nilimsihi hadi nikalia. Alinifuta machozi kwa leso yake, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Alizaa mtoto wa kike, akamnyonyesha kwa titi moja. Sijapata kumwona na furaha kama ile. Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Mama alidhani ni uzazi, akawa anamkanda kwa maji moto. Picha zilionyesha saratani imeingia mifupani.

"Seli zimeachana," dadangu aliniambia, kabla daktari hajafungua kinywa.

Tulimzika kijijini kwetu, Bodo. Mtoto nikamchukua mimi.

Mpaka leo, nikiwa peke yangu nyumbani mchana, humsikia dadangu akiniita, "Mdogo wangu," na mara mbili nimeitika.

Juzi yule mtoto, ambaye sasa ana miaka kumi, alinijia akilalamika kuwa kifua kinamuuma. Nikamgusa. Chini ya chuchu palikuwa na kivimbe kidogo, kigumu. Akanitazama kwa macho ya mamake.

"Mama, ni nini?"

"Unakua, mwanangu," nikamwambia. "Ni homoni tu."

Akacheka, akatoka mbio kwenda kucheza. Mimi nikabaki pale nimesimama, nikilisikia lile neno kwa sauti ya daktari.